Kutoka ufukweni hadi mbele ya majaji: mwongozo kamili wa kumlea mtoto wa jimnastiki Zanzibar

Watoto wa visiwa hivi hawana upungufu wa ujasiri. Pita Forodhani jioni maji yakiwa yamejaa, utawaona wakijirusha baharini kinyumenyume mmoja baada ya mwengine. Nungwi, Paje na Jambiani wapo wanaopiga samasoti mchangani tangu hawajaanza skuli. Na kila inapokaribia tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi, watoto wa halaiki hujifunza jambo ambalo kocha yeyote wa jimnastiki angelitamani: kusikiliza amri, kunyoosha mkono hadi ncha ya kidole, na kumaliza pamoja.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, "Kocha, mwanangu huyu anaweza kufika?", siangalii kwanza anarukaje. Naangalia anatuaje. Vipaji tunavyo, ila tunavimaliza kwa haraka. Mtoto wa miaka tisa anajua kupindua nyuma lakini hajui kusimama kwa mikono kwa nusu dakika, na watu wazima wanaompigia makofi hawalioni tatizo. Akifika kumi na tatu kifundo cha mguu kimeshaharibika, mgongo unamuuma, na safari imekwisha kabla hata ya shindano la kwanza. Niliyoyaandika hapa ni ya mzazi na kocha wanaotaka mtoto afike akiwa mzima.

Ujue mchezo wenyewe kwanza

Sarakasi humfurahisha mtazamaji. Jimnastiki ya kisanii inapimwa. Wasichana hushindana kwenye vifaa vinne: meza ya kurukia, fito mbili zisizolingana kimo, boriti, na sakafu. Wavulana wana vifaa sita: sakafu, farasi mwenye vishikio, pete, meza ya kurukia, fito sambamba na fito ya juu. Sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12. Boriti ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Msichana hucheza sakafuni kwa muziki usiozidi dakika moja na nusu. Mvulana hucheza bila muziki.

Mwambie mtoto haya mapema, tena umwonyeshe video za mashindano yenyewe, si vipande vya kuruka tu. Aone na wanaoanguka na kupanda tena.

Piga hesabu ya miaka kabla ya kitu chochote

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIG, haliruhusu msichana kushindana ngazi ya wakubwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Kwa mvulana ni mwaka anaotimiza 18. Kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa, si tarehe. Msichana aliyezaliwa Novemba 2013 anaweza kushindana na wakubwa tangu Januari 2029, ingawa siku hiyo bado ana miaka 15. Kabla ya hapo kuna ngazi ya vijana, na tangu 2019 vijana wana mashindano yao ya dunia, yaliyoanzia Győr, Hungary.

Watu wengi bado wana picha ya Nadia Comăneci kichwani, msichana wa Romania aliyepata 10 kamili Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Leo mtoto wa umri huo haruhusiwi kabisa kwenye jimnastiki ya Olimpiki. Kaylia Nemour wa Algeria, Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika jimnastiki, alichukua dhahabu ya fito mbili Paris 2024 akiwa na miaka 17. Simone Biles alishinda dhahabu kwenye Olimpiki hiyohiyo akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishindana Tokyo akiwa na miaka 46, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nane.

Ndiyo maana nasema haraka haina kazi hapa. Msichana wa miaka 7 ana miaka tisa mbele yake kabla ya kufika ngazi ya wakubwa, na mvulana ana kumi na moja. Mimi naigawa hivi. Hadi miaka 8 ni kucheza: kubingirika, kutambaa, kuning'inia, kuruka na kutua, kupiga msamba taratibu. Miaka 8 hadi 12 ni misingi, na huu ndio wakati wa dhahabu, kwa sababu mwili unakubali kufundishwa na mtoto bado anapenda kurudia. Miaka 12 hadi 15 ni ya kuunganisha mazoezi kamili na kuanza mashindano ya kweli, lakini pia ni miaka ya kurefuka ghafla, kwa hiyo ndiyo ya hatari. Mtoto akianza na miaka 10 au 11 si kosa, hasa mvulana. Atafika akichelewa kidogo, basi.

Kumpata kocha, na kumchunguza

Usianze kwa kuuliza kocha mwenyewe anaruka vipi. Nenda ukae pembeni utazame kipindi kizima bila kuaga mapema. Tazama watoto wadogo wanafanya nini wakati wakubwa wanaruka: wana kazi, au wamekaa juani wakisubiri? Tazama mtoto akikataa kuruka kwa hofu, kocha anafanyaje. Kocha mzuri anarudi hatua mbili nyuma, anaweka godoro jengine, anamshika kiunoni. Kocha mbaya anamwita mwoga mbele ya wenzake. Hofu katika mchezo huu ni taarifa. Inakwambia mwili bado haujui njia.

Kuna jambo la pili, na hapa sitaki haya itutangulie. Jimnastiki ni mchezo wa kushikana. Kocha atamgusa mtoto mgongo, tumbo, mapaja. Kwa hiyo sheria ziwekwe wazi tangu siku ya kwanza: mazoezi yafanyike mahali panapoonekana, kocha asibaki peke yake na mtoto mmoja, wala asimpeleke nyumbani kwake, wala asimwandikie ujumbe wa faragha usiku, mzazi yeyote aruhusiwe kuja kutazama bila taarifa, safarini watoto walale na walezi wa jinsia yao, zaidi ya mmoja. Marekani, nchi yenye wachezaji bora duniani, ilimwacha daktari wa timu, Larry Nassar, awadhuru wasichana kwa miaka mingi kwa sababu kila mtu mzima alimwamini. Alihukumiwa mwaka 2018 baada ya zaidi ya wanawake na wasichana 150 kusimama mahakamani na kusema. Tusidhani kwetu haliwezi kutokea kwa kuwa tunajuana.

Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na simu ya bure 116 inapokea taarifa za watoto. Mfundishe mtoto namba hiyo. Mwambie pia kwamba anaweza kukuambia chochote kuhusu kocha na hutamfokea.

Mahali pa mazoezi: mchanga, boriti na magodoro

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapotofautiana na wenzetu wenye kumbi.

Mchanga ni neema, lakini una tabia zake. Mchanga mkavu wa juu unameza nguvu. Mtoto anapojirusha, miguu inazama na msukumo unapotea, naye ili azunguke inambidi atupe kichwa nyuma na kukunja mgongo. Fanya hivyo kwa miaka miwili, kisha mpeleke kwenye sakafu yenye springi: atapaa asikokutarajia na kupitiliza mzunguko. Tena mchanga huohuo unaficha utuaji mbaya, kwa sababu hata akitua magoti yakiwa yameingia ndani, ardhi inampokea na hakuna anayeona. Mchanga wenye unyevunyevu, ule unaoachwa na maji yakipwa, ni mgumu na bapa. Huo ni mzuri kwa kukimbia, kusimama kwa mikono, gurudumu la mikono, daraja (mwili umepinda nyuma, viganja na nyayo chini) na msamba. Si mzuri kwa kutua kutoka juu mara nyingi, kwani ugumu wake unakaribia saruji.

Kwa hiyo: misingi kwenye mchanga mbichi, na miruko ipunguzwe mpaka mpate godoro. Kabla ya kuanza, pitieni eneo lote kwa mikono mkitoa chupa, makombe na vijiti. Na upangeni ratiba kwa maji. Kupwa na kujaa kunasogea kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua maji hujaa alasiri, kwa hiyo ufukwe mlioutegemea saa kumi haupo. Siku hizo hamieni uwanja wa skuli au mfanye mazoezi ya nguvu barazani. Kuhusu kujirusha baharini, nina neno moja tu: marufuku maji yakiwa yamepwa. Kutumbukia kichwa mbele kwenye maji mafupi kunavunja shingo.

Boriti mnaweza kuitengeneza wenyewe. Nenda kwa seremala na mbao ya mbili kwa nne. Ukiilaza, upana wake ni takriban sentimita 10, sawa na boriti ya mashindano. Mwambie asiirande sana upande wa juu, maana kila milimita inayoondoka inapunguza upana, lakini pembe zote ziwe za mviringo ili zisikate miguu. Mbao nyingi hapa ni futi 12, hazifiki mita 5; kwa mtoto anayeanza zinatosha. Ipigieni vipande vya kupita chini, kila baada ya mita moja, ili isipinduke. Kisha ifunikeni kwa zulia jembamba lisilo na manyoya, livutwe lisikunjane, na misumari ipigwe upande wa chini tu. Pitisha kiganja chako juu yake yote kabla hujamruhusu mtoto. Ikae chini, usiiinue. Mtoto asiyeweza kutembea kwa vidole vya miguu, kugeuka, na kuruka mara kumi mfululizo bila kutoka kwenye boriti ya chini hana shughuli na ya juu.

Magodoro ya sponji yaliyokwishatumika yanapatikana, lakini yapimeni. Weka goti lako katikati uegemee kwa uzito wote. Ukigusa sakafu, hilo halifai peke yake. Weka mawili au matatu juu ya jengine, ushonee turubai moja ili yasiteleze na mguu usiingie kati. Mafundi wa makochi hutupa vipande vya sponji. Jaza kwenye magunia, upate kitanda kizuri cha kutua. Wakati wa masika yahifadhini mbali na sakafu, maana godoro lililolowa huoza ndani huku nje likionekana zima.

Fito ni habari nyengine, na hapa nawaomba makocha wenzangu wanisikilize. Bomba la chuma lililosimikwa kwenye zege linafaa kwa kuning'inia, kujivuta na kuinua miguu. Halifai kwa kubembea na kuzunguka. Mtoto anapopita chini ya fito kwa kasi, uzito unaovuta ni mara kadhaa ya uzito wake, na bomba hilo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Bora mtoto aingie kwenye fito halisi akiwa na miaka 12 mwenye mikono imara kuliko kuanza na miaka 8 kwenye bomba litakalong'oka.

Misingi, kwa mpangilio ambao haurukwi

Kwanza kutua. Mtoto asimame juu ya kigoda, aruke chini: ncha za miguu zinagusa mwanzo, kisha visigino, magoti yanakunjwa yakielekea vidole vya miguu, kifua juu, mikono mbele. Anabaki hapo akihesabu hadi tatu bila kusogea. Akiweza mara ishirini, ongeza kimo kidogo. Zoezi hili halina mvuto, na watoto watalalamika. Lifanyeni kila siku, mwanzo wa mazoezi, kabla ya kuchoka.

Pili, maumbo mawili ya kulala chini. Akiwa chali, kiuno kimegandamana na ardhi, miguu na mabega yameinuka kidogo, mwili umepinda kama mtumbwi. Kisha akiwa kifudifudi, kinyume chake. Sekunde 20, baadaye 30, baadaye 60. Kila kitu katika mchezo huu, kuanzia kusimama kwa mikono hadi mapinduzi magumu, kinajengwa na hayo mawili.

Tatu, kusimama kwa mikono. Tumbo lielekee ukutani, si mgongo, kwa sababu mgongo ukielekea ukuta mtoto hujipinda. Viganja viwe karibu na ukuta, vidole vimetandazwa, mabega yamesukumwa hadi masikioni, makalio yamekazwa, miguu imeshikana. Mimi simruhusu mtoto kuanza kupindua nyuma kwa mikono kabla hajashika hivi kwa dakika moja, na kabla hajasimama huru kwa sekunde kumi. Wazazi huniona mkali. Lakini kiwiko kinachokunjika wakati mwili mzima unakishukia ndicho kinachopeleka watoto hospitali.

Nne, gurudumu la mikono kwenye mstari uliochorwa, kwa upande wa kulia na wa kushoto pia. Tano, daraja, na kutoka kusimama kwenda daraja na kurudi. Daraja lifunguke mabegani, lisivunjike kiunoni. Mtoto mwenye mabega yaliyofunga atatafuta njia kwa kiuno, na kiuno kitalipa. Msamba ufanywe mwili ukiwa na joto, mwisho wa mazoezi, na kamwe mtu asimkalie mtoto mgongoni kumsukuma. Mtoto akilia kwenye msamba, hapo hakuna kinachojengwa.

Baada ya hayo ndipo yanakuja mapinduzi ya mbele na nyuma, kwa mkono wa kocha, kwenye godoro, moja moja. Tofauti utaiona. Mtoto aliyepita njia hii hujifunza kupindua nyuma kwa wiki chache, magoti yamenyooka, na hutua mahali pamoja.

Wiki ya mtoto

Mtoto wa hapa ana skuli, ana chuoni kwenye Kurani, ana kazi za nyumbani, na pengine skuli yake ni ya zamu. Usipange kama mtoto wa Ulaya. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi wa michezo ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake: miaka 8, saa 8. Kwa anayeanza hata saa 4 zinatosha, siku mbili au tatu, saa moja na nusu kila siku. Zungumza na maalim wa chuoni mapema, kwa heshima, umweleze ratiba, usimwache mtoto achague kati ya nyinyi wawili. Masomo yakishuka, punguza mazoezi, tena umweleze mtoto sababu, asione anaadhibiwa.

Siku moja ya kupumzika kabisa kila wiki, na wiki kadhaa kila mwaka. Ramadhani usifute mazoezi, yapunguze: kunyoosha viungo na maumbo ya chini kabla ya futari, au kipindi kifupi usiku baada ya tarawehe. Aliyefunga hafundishwi ujuzi mpya wala hapandi juu, kwa sababu kizunguzungu juu ya boriti hakina msamaha. Na jua la saa saba mchana wa kaskazi si la mazoezi kwa mtoto yeyote.

Chakula na maumivu

Hakuna chakula cha ajabu. Uji wa mtama au mhogo asubuhi, maharage, dagaa, samaki, mayai, mboga ya majani, ndizi na tende kabla ya mazoezi, maji mengi. Kosa kubwa ni kumpunguzia chakula ili awe mwepesi. Kocha akimpima mtoto uzito mbele ya wenzake, au akimwambia amenenepa, mtoe hapo. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo huweza kuchelewa kuvunja ungo, au hedhi ikakatika. Akifika miaka 15 hajaanza, au ikikatika kwa miezi mitatu, apelekwe kwa daktari. Mama au shangazi alizungumze hili naye, kwa upole, kabla halijatokea.

Weka alama ya kimo chake kwenye fremu ya mlango kila mwisho wa mwezi. Akirefuka zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, miezi miwili mfululizo, punguza miruko na uongeze misingi. Ncha za mifupa yake wakati huo ni laini, na misuli haijaifikia mifupa. Ataonekana amesahau alichokuwa anakijua jana. Hajasahau, mwili umekuwa mpya. Makocha wengi huwakatia tamaa watoto miezi hiyo, na wengi wa watoto hao wangerudi vizuri kama wangesubiriwa.

Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Ya kifundo cha mkono yanayorudi kila anapoegemea, ya kisigino, ya chini ya goti, au ya kiuno yanayoongezeka akijipinda nyuma si ya kawaida. Yakipita wiki mbili usimpeleke kwa mkandaji. Nenda hospitali, Mnazi Mmoja kwa walio mjini au Abdalla Mzee Mkoani kwa wa Pemba kusini, na umwambie daktari wazi kwamba mtoto anacheza jimnastiki. Akigonga kichwa, mazoezi yamekwisha siku hiyo hata kama anasema yu mzima. Akitapika, akisinzia ovyo au akichanganyikiwa, nenda hospitali hapo hapo.

Stara ya wasichana

Familia nyingi huwatoa wasichana wakifika miaka kumi na moja, na sababu ni vazi. Jueni hivi: kanuni za FIG zinaruhusu vazi linalofunika miguu yote hadi kifundo. Wasichana wa Ujerumani walivaa hivyo kwenye Olimpiki ya Tokyo, na hawakukatwa pointi. Mazoezini, suruali ya kubana yenye fulana ndefu iliyochomekwa inatosha, na kichwani mtandio wa kuvutika usio na pini. Pini na mitandio inayoning'inia ni hatari kwenye fito. Kwa mashindano, andikieni waandaaji mapema kuhusu kufunika kichwa, mpate jibu kwa maandishi, mlibebe siku hiyo. Pia tafuteni mwalimu wa kike, au dada mkubwa aliyewahi kucheza halaiki, afundishwe kuwashika. Kipindi cha wasichana peke yao kimewabakisha wengi kuliko hotuba yoyote.

Alama zinavyotolewa

Mtoto na mzazi wote walijue hili, maana ndilo linalopanga mazoezi. Alama ya mwisho ni jumla ya vitu viwili, ukitoa adhabu. Cha kwanza ni ugumu: kila kipengele, yaani kila mruko au mgeuko, kina thamani, A ni 0.1, B ni 0.2, C ni 0.3, na kuendelea. Kwa wasichana, isipokuwa kwenye meza ya kurukia, huhesabiwa vipengele vinane vyenye thamani kubwa, kisha kuna mahitaji ya utungaji, yaani aina za vipengele ambazo zoezi lazima liwe nazo, yanayoweza kuongeza hadi 2.0. Cha pili ni utekelezaji, unaoanzia 10 na kukatwa. Hatua ndogo ukitua, 0.1. Hatua kubwa, 0.3. Magoti yaliyokunjika, 0.1 hadi 0.5. Kuanguka, 1.0 nzima.

Chukua wasichana wawili sakafuni. Wa kwanza ana A tano na B tatu: 1.1, akiongeza 2.0 anapata ugumu wa 3.1. Anacheza safi, anakatwa 2.2, utekelezaji 7.8. Jumla 10.9. Wa pili anataka kuonyesha makubwa: A mbili, B nne, C mbili, ni 1.6, na 2.0 ni 3.6. Anaanguka mara mbili na kukatwa 2.5 nyengine za magoti na miguu iliyoachana. Utekelezaji unabaki 5.5. Jumla 9.1. Makofi yote aliyapata wa pili. Medali ni ya wa kwanza, tena kwa mbali.

Mwekee mtoto daftari. Kila mwezi mrekodi kwa simu akicheza zoezi zima, kaeni pamoja mhesabu makato moja moja. Mtoto anayejihesabia mwenyewe hahitaji kufokewa.

Makaratasi na njia ya kutoka

Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari mtoto akiwa mdogo, na tarehe zilingane kwenye kila karatasi, skuli na hospitali pia. Kupunguza umri ili ashinde ngazi ya chini kutamfungia milango baadaye. Kikundi chenu kijisajili. Michezo ya Zanzibar iko chini ya Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, BTMZ, na huko ndiko mtakakoelekezwa chama cha kujiunga nacho. Kwenye Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola, mtoto wa Unguja au Pemba hucheza chini ya bendera ya Tanzania. Mashindano ya FIG yanataka leseni ya mchezaji, inayoombwa na shirikisho la taifa, si na mzazi wala kocha. Kwa hiyo mtu akikuomba pesa ili "amwingize mtoto Olimpiki", mwombe barua ya shirikisho. Hana.

Anzeni karibu. Shindano la ndani la kikundi, kisha kukutana na kikundi chengine, Amaan au Gombani mkipewa nafasi, kisha boti kwenda Dar es Salaam. Msafiri siku moja kabla. Mtoto aliyetapika kwenye mkondo hawezi kupanda boriti mchana huohuo.

Na maonyesho ya hotelini? Mtu mzima anayeishi kwa sarakasi simlaumu, ni kazi halali. Lakini mtoto aliye mafunzoni asipelekwe. Ni usiku, ni kwenye vigae, hana godoro, na anaombwa mruko uleule mkubwa kila siku. Nimewaona watoto wazuri wakiishia hapo na miaka kumi na minne.

Siku yenyewe ya shindano

Ale saa mbili au tatu kabla, chakula alichokizoea. Kucha fupi, nywele zimefungwa, hakuna hereni wala bangili. Apashe mwili joto kwa utulivu, asirudie zoezi zima mara nyingi. Akiitwa, anamkabili jaji, anainua mikono, anaanza. Akimaliza anafanya hivyohivyo. Asiposalimu anakatwa. Akianguka kwenye boriti ana sekunde 10 za kupanda, kwenye fito ana 30, kwa hiyo afundishwe mazoezini: pumua, jifute mikono, panda, endelea pale ulipoishia. Mzazi akae jukwaani. Asipige kelele za maelekezo, na akitoka asimuulize kwanza alama. Amuulize ana njaa.

Usiku huo msizungumze makosa. Daftari lifunguliwe baada ya siku mbili, mkiwa na video. Andikeni makato matatu tu ya kufanyia kazi, kisha wiki nzima irudi kwenye kutua na kusimama kwa mikono.

Wapo watakaofika miaka kumi na sita na kuona hawataki tena kushindana, au mwili umekataa. Msiwaache waende hivihivi. Visiwa hivi vinahitaji walimu wa watoto wadogo na watu wanaojua kutoa alama kuliko vinavyohitaji bingwa mmoja. Kijana kama huyo apewe kundi la watoto wa miaka sita alisaidie chini ya kocha, na kwenye shindano la ndani akae meza ya majaji na kalamu, ahesabu makato kimya kimya, kisha alinganishe karatasi yake na ya jaji.